Vyungu Viwili na Kura Moja

Tarehe 22 Januari 2022, katika mji wa Douala nchini Kameruni, majina ya mataifa kumi ya Afrika yalitiwa katika vyungu viwili ili kura ipigwe na ijulikane nani angekabiliana na nani katika mchujo wa mwisho wa kuwania nafasi tano za Kombe la Dunia, ambalo lilikuwa lichezwe Qatar mwishoni mwa mwaka ule. Mataifa yote kumi yalikuwa yameongoza makundi yao, kila moja likiwa limewaacha nyuma wapinzani watatu, na kwa hiyo mtu asiyejua desturi za wakuu wa soka angalidhani kwamba mbele ya kura ile wote walisimama safu moja. Hasha. Kabla mkono haujaingia chunguni, orodha ya viwango ya FIFA ya Novemba 2021 ilikuwa imekwisha kuzitia Senegali, Moroko, Tunisia, Aljeria na Nijeria katika chungu cha kwanza, na Misri, Kameruni, Ghana, Mali na Kongo ya Kinshasa katika chungu cha pili. Wa chungu cha kwanza hawakuweza kukutana wao kwa wao, na tena walipewa haki ya kucheza mechi ya marudiano nyumbani kwao. Nijeria, ya mwisho katika chungu cha heshima, ilikuwa ya 36 duniani. Misri, bingwa wa Afrika mara saba, ilikuwa ya 45, na kwa ngazi hizo tisa ikahesabiwa miongoni mwa wadogo.

Mas'ala haya si ya wacheza mpira peke yao. Tangu zamani wanadamu wamekuwa na njia mbili za kugawa kitu kisichowatosha wote: ama humpa anayestahili, na hapo hawana budi kupima na kuandika, ama huiachia kura, na hapo huungama kwamba kipimo chao kimefika ukomo. Droo ya Douala ilizichanganya njia hizo mbili kwa namna inayomfanya mtu mwenye imani asijue amshukuru nani wala amlaumu nani, kwa sababu chungu kilipangwa kwa kalamu, jina likaokotwa kwa bahati, na jambo zima likaitwa majaaliwa. Ninachotaka kuuliza ni kama kura iliyotanguliwa na tadbiri ya binadamu inastahili kubeba jina hilo, na kama ni insafu daraja ya jana kulinda mlango wa leo.

Usiku wa tarehe 29 Machi mwaka ule, mechi za marudiano zilipochezwa, Kenya haikuwamo. Harambee Stars walikuwa wamemaliza wa tatu nyuma ya Mali na Uganda, wakiwa na pointi sita, na tangu tarehe 24 Februari nchi yenyewe ilikuwa imefungiwa na FIFA kwa sababu ya serikali kuingilia mambo ya shirikisho. Hata hivyo katika kumbi za kuonyeshea mpira za Kitale na Bungoma, ambako kiingilio hulipwa mlangoni na mabenchi hujaa kabla ya filimbi, watu walikuwa wamejigawia mataifa ya wenyewe na kuyashabikia kana kwamba walizaliwa huko. Kesho yake, katika matatu iliyotoka Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini na Webuye, kijana mmoja aliyekuwa upande wa Misri alisimulia jinsi miale ya kijani ya leza ilivyomulika uso wa Mohamed Salah alipokuwa akienda kupiga penalti yake kule Diamniadio, nchini Senegali, na jinsi mpira ulivyopaa juu ya mwamba wa goli.

“Mzee, Mungu hakupenda tu,” akamwambia jirani yake wa kiti.

“Mungu unamsingizia, kijana wangu,” mzee akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye mfuko wa mbegu za mahindi alioubana katikati ya magoti. “Nani aliyepanga Misri wamalizie ugenini?”

Theolojia ya mzee yule nimeiona safi kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya takdiri. Kuamini kwamba kila kitu kimo katika kudra ya Mwenyezi Mungu si ruhusa ya kumtwika Yeye maamuzi yaliyopitishwa na kamati, tena kamati yenye mihuri na kumbukumbu za mkutano. Na katika nchi zetu, ambako barabara mbovu, dawa zilizokwisha hospitalini na shamba lililonyakuliwa vyote huweza kufunikwa kwa neno hilo hilo la majaaliwa, ni ibada njema mtu kuuliza kwanza ni sehemu gani ya msiba iliyoandikwa mbinguni na ni sehemu gani iliyoandikwa Zurich, kwenye ofisi za FIFA. Ni kweli kwamba tadbiri ya wakuu haikuwafaa wote waliopendelewa: Kameruni walifungwa bao moja kwao Douala, wakaenda Blida wakawatoa Aljeria kwa bao la Karl Toko Ekambi wakati muda wa nyongeza wenyewe ulikuwa umekwisha pita, na Ghana, ambao miezi miwili nyuma walikuwa wamefungwa mabao matatu kwa mawili na ndugu zetu wa Komoro na kutupwa nje ya Kombe la Mataifa ya Afrika, walitoka sare ya 1-1 na Nijeria kule Abuja wakafuzu kwa bao la ugenini. Lakini upendeleo ulioshindwa kuleta faida ungali upendeleo, kama vile rushwa isiyozaa matunda haigeuki kuwa sadaka.

Hata hivyo orodha yenyewe nayo ina haki ya kusikilizwa. Ilianzishwa Desemba 1992, ikarekebishwa mara kadhaa, na tangu 2018 inafuata hesabu ambayo mtu mwenye insafu hawezi kuidharau: mdogo amshindapo mkubwa hupata pointi nyingi, mkubwa amshindapo mdogo hupata chache, mechi ya kirafiki huwa na uzito mdogo kuliko ya kufuzu, na hata ushindi wa penalti hauhesabiwi kuwa ushindi mzima. Haiulizi rangi ya mtu wala kabila lake wala kina cha bahari yake. Kenya yenyewe ilikuwa ya 137 mwezi Julai 2007 na ikapanda hadi ya 68 mnamo Desemba 2008, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ngazi ile imefungwa kwa misumari. Na wanaotetea vyungu wana hoja nzito nyingine, nayo ni kwamba kura tupu inaweza kuwakutanisha wawili walio bora mlango wa kwanza, mmoja akarudi nyumbani mapema ilhali timu dhaifu kuliko yeye inasonga mbele kwa kuwa ilipangiwa dhaifu mwenziwe. Je, hiyo si dhuluma pia?

Hoja hii tunaijua vizuri pande zetu. Kitale imo katika Bonde la Ufa na Bungoma imo katika Magharibi, na ingawa asubuhi moja yatosha kwa mtu kutoka mji mmoja hadi mwingine, katika michezo ya shule za sekondari vijana wa St. Anthony's ya Kitale hawawezi kukutana na shule ya Bungoma mpaka kila upande umekwisha kupata bingwa wa mkoa na kwenda kwenye mashindano ya taifa. Mpaka uliochorwa na serikali ya kikoloni kwa haja zake unafanya hadi leo kazi ya chungu. Chini ya hapo, katika kata na kaunti ndogo, nimeona mambo yakienda kwa namna nyepesi zaidi: majina ya shule huandikwa kwenye vipande vya karatasi ya daftari, hukunjwa mara mbili, hutiwa katika kofia ya mwalimu wa michezo, na mwanafunzi mdogo kuliko wote huitwa aokote. Shule mbili kubwa zikikutana siku ya kwanza, walimu wao hunung'unika mpaka saa ya chakula. Sijaona, hata hivyo, mwalimu aliyemnunia yule mtoto.

Kasoro ya orodha iko mahali pengine. Katika hesabu ya sasa, timu ikishindwa katika hatua ya mtoano ya fainali kubwa haipunguziwi pointi, bali ikishinda huongezewa. Yaani aliyefika karamuni hula bila kulipa, na aliyebaki nje hana mahali pa kuipatia hazina ile. Katika mfumo uliotangulia, ambao ulifuata wastani, Poland ilikaa karibu mwaka mzima bila kucheza mechi ya kirafiki ili wastani wake usishuke, ikapata kiti katika chungu cha kwanza cha Kombe la Dunia la 2018, na kule Urusi ikafungwa na Senegali na kumaliza ya mwisho katika kundi lake. Kenya nayo, ilipokuwa imefungiwa tangu Februari hadi Novemba 2022, haikupoteza pointi hata moja, kwa maana asiyecheza hashindwi, na daftari la FIFA halikutofautisha kifungo na usingizi. Kipimo kinachomtuza aliyejificha na kumwacha salama aliyefungwa kinaweza kuwa shahidi mzuri, lakini ukadhi hakiuwezi.

Injili inao mfano wa mtumwa aliyepewa talanta tano, ambaye mwishoni aliongezewa hata ile moja aliyonyang'anywa mwenziwe, na wapo wanaoushika mfano huo kuwa ithibati kwamba mwenye nacho ni haki yake kuzidishiwa. Wanasahau kwamba mtumwa yule aliongezewa baada ya hesabu ya kazi ile ile aliyotumwa, wala si kwa sababu babu yake aliwahi kusifiwa kwa biashara. Katika kitabu cha Hesabu, nchi ya Kanaani iliamriwa kugawanywa kwa kura, na papo hapo ikaamriwa kwamba kabila kubwa lipewe eneo kubwa na dogo lipewe dogo, amri ambayo kwa mtazamo wa kwanza yafanana na vyungu vya Douala; ila watu walikuwa wamehesabiwa upya baada ya tauni, kichwa kwa kichwa, na daraja ya kila kabila ikatoka katika hesabu ile mpya. Qur'ani nayo inasimulia jinsi waliogombea ulezi wa Bibi Maryam walivyotupa kalamu zao ili kujua nani atamlea, na jinsi Nabii Yunus alivyoingia katika kura chomboni na kura ikamwangukia yeye, ingawa alikuwa mtume. Cheo chake mbele ya Mola hakikumtoa miongoni mwa waliopigiwa.

Lakini kisa kinachonikaa zaidi ni kile cha Matendo ya Mitume, pale Yuda alipoacha nafasi wazi na wale kumi na mmoja wakataka mtu wa kuijaza. Hawakupiga kura juu ya waumini wote waliokuwapo. Walitanguliza sharti, kwamba awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, wakabaki na wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathia. Na walipokwisha kufika hapo hawakuuliza tena nani kati yao alikuwa na sifa kubwa zaidi mjini, bali waliomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathia. Sharti lilifanya kazi yake likaisha, ndipo kura ikaanza.

Simaanishi kwamba kura ni takatifu. Mwaka 1969, Moroko na Tunisia zilitoka sare mara mbili bila bao, zikatoka sare tena ya 2-2 kule Marseille, na safari ya kwenda Mexico ikaamuliwa kwa sarafu iliyorushwa hewani. Moroko ikaendelea, na Tunisia, ambayo haikufungwa katika mechi hata moja kati ya hizo tatu, ikarudi nyumbani. Ukatili wa sarafu ile hauna mfano. Pamoja na hayo, haukuwa na matusi ndani yake: hakuna aliyeambiwa kwamba alikuwa mdogo. Mtu huweza kuvumilia msiba usio na mwandishi, na msiba mdogo kuliko huo, wenye sahihi ya mtu chini yake, ukamnyima usingizi kwa miaka.

Pande hizi za Mlima Elgon zilipata kumzaa mchezaji aliyelijua jambo la daraja kuliko wengi wetu. Elijah Masinde wa Kimilili, Mbukusu ambaye dunia inamkumbuka kwa Dini ya Msambwa, alikuwa kwanza mwanasoka, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, mashindano ya nchi mbili tu wakati huo, yasiyohitaji droo wala chungu. Nje ya uwanja mambo yalikuwa mengine: Trans Nzoia, yenye ardhi isiyo na mfano kwa mahindi, ilikuwa imetengwa kwa walowezi wa Kizungu, na Mbukusu aliyeishi pale aliishi kama skwota, kipande shingoni, katika daraja aliyozaliwa nayo na ambayo hakuna ushindi ungeweza kumtoa humo. Masinde alihubiri kwamba Mzungu aondoke. Dini yake ikapigwa marufuku mwaka 1948, mwaka ambao wafuasi wake waliuawa kwa risasi za polisi Malakisi, naye akahamishwa hadi Lamu. Sitaki kufananisha pasipofanana: daraja ya rangi haikuwa na hesabu ya kupanda na kushuka, nayo ya FIFA inayo. Ila historia ya aina hiyo humfanya mtu wa Kimilili au Kitale asiwe mwepesi wa kuamini orodha aliyoandikiwa na mtu wa mbali.

Na Wabukusu wenyewe walikuwa na daraja zao. Wana marika manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, ambayo huingiwa kwa tohara, nayo tohara hufanywa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Na majina hayo yakiisha huanza upya, mzunguko mmoja ukikaribia kuwa karne. Ukubwa upo, tena ni ukubwa mkali, kwa maana wa rika la chini humwinamia wa rika la juu na hawezi kumruka. Lakini ukubwa huo hutembea: hakuna rika lililowahi kuwa dogo milele, wala hakuna lililokuwa kubwa likabaki pale. Bila shaka mpira hauwezi kuendeshwa hivyo, labda tukubali kwamba Shelisheli itwae Kombe la Dunia zamu yake ikifika, jambo ambalo binafsi lisingenichukiza. Ninachokichukua kutoka katika marika ni swali tu: je, daraja hii inampa aliye chini njia ya kutoka, au inamrudisha pale pale kwa sababu alikuwa pale?

Tazama kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2026. Mataifa 54 yaligawanywa katika makundi tisa kwa kufuata viwango, Kenya ikawa ya chungu cha tatu katika kundi la Kodivaa na Gabon. Katika makundi hayo tisa, sita yaliongozwa na timu za chungu cha kwanza na matatu na timu za chungu cha pili, yaani Ghana, Afrika Kusini na visiwa vya Cape Verde, na kutoka chungu cha tatu kwenda chini hakutoka mshindi hata mmoja. Sitalaumu vyungu kwa hilo. Kundi ni safari ndefu, mkubwa na mdogo hukutana nyumbani na ugenini, na kama Cape Verde yenye watu wapatao nusu milioni iliweza kuwapita Kameruni, basi mlango ulikuwa wazi. Sisi tulicheza mechi zetu za nyumbani za Juni 2024 huko Lilongwe kwa kukosa uwanja uliokubaliwa, na kosa hilo halikufanywa Zurich. Katika makundi, basi, daraja ya zamani na itumike, kwa sababu panakuwa na muda wa kuikanusha.

Mchujo ni jambo jingine. Wanaofika mchujo wamekwisha kupimwa na kipimo kile kile cha kufuzu na kukutwa sawa, wote wamekuwa wa kwanza au wote wamekuwa wa pili, na kuleta tena daftari la kale mezani, ambalo lilikwisha kutumika wakati wa kupanga makundi, ni kumhukumu mtu mara mbili kwa kesi moja. Ni kama wale kumi na mmoja wangalimwambia Mathia, baada ya kumkubali, kwamba apige kura kwa mkono wa kushoto kwa kuwa Barsaba alikuwa na jina la pili. Ubaya huu ulionekana wazi zaidi mwaka 2009, pale FIFA ilipotangaza kwamba mchujo wa Ulaya utafuata viwango ilhali mechi za makundi zilikuwa zikielekea ukingoni na ilikwisha onekana wazi kwamba wakubwa kadhaa hawangeongoza makundi yao. Ufaransa ikakingwa, Ayalandi ikapewa Ufaransa, na kilichotokea Saint-Denis tarehe 18 Novemba, mkono wa Thierry Henry ulioushika mpira na bao la William Gallas lililoitoa Ayalandi, kila mtu anakijua. Watu wanaukumbuka mkono ule na kuusahau ule uliotangulia. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 juu ya haki, aliwataka watunga sheria wajifikirie kwamba hawajui watazaliwa katika hali gani. Waliotunga kanuni ya 2009 walikuwa na msimamo wa makundi mbele yao.

Basi mwezi Novemba 2025 mambo yakatokea ambayo hakuna mtunga hadithi angeyathubutu. Washindi wanne wa pili waliokuwa bora barani walikutana Rabat, wakapangwa kwa viwango, wa juu kwa wa chini: Nijeria ikapewa Gabon na kuifunga 4-1 katika muda wa nyongeza, na Kongo ya Kinshasa, ambayo ilikuwa haijaonekana katika Kombe la Dunia tangu 1974 ilipoitwa Zaire, ikapewa Kameruni iliyokuwa juu yake. Chancel Mbemba akafunga dakika za majeruhi. Siku tatu baadaye, tarehe 16, Kongo ikaitoa Nijeria kwa penalti nne kwa tatu baada ya sare ya 1-1, na kutoka Goma hadi Lubumbashi, na hata katika kumbi za Kitale ambako Kiswahili cha Kongo husikika redioni kwa muziki tu, watu walishangilia kwamba daraja imevunjwa. Kisha tarehe 20, huko Zurich, ikapigwa droo ya mchujo wa mabara uliopangiwa Mexico mwezi Machi 2026, wa timu sita. Na kwa kuwa Kongo na Iraki zilikuwa juu ya wengine katika orodha ile ile ya viwango, zilipelekwa moja kwa moja kwenye mechi ya mwisho, huku New Caledonia, Jamaika, Bolivia na Suriname zikitakiwa kucheza mechi moja ya ziada kwanza. Sikumsikia Mkongomani yeyote aliyetaka Kongo ianzie chini pamoja na New Caledonia, wala nisingetarajia kumsikia, maana lau ingalikuwa Harambee Stars, nami ningalinyamaza.